Nyumba ya Zege Iliyoachwa na Katrina

Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliipiga pwani ya Mississippi, Marekani. Katika mji mdogo wa Pass Christian bahari ilipanda hadi karibu mita 8.5. Nyumba za mbao zilizotazama ufuko zilifagiliwa. Nyingine zilibakiza ngazi tu, zikipanda kuelekea mlango ambao haupo. Moja ya chache zilizobaki wima ilikuwa hata haijamalizika kujengwa. Kuta zake zilikuwa za zege lililomiminwa ndani ya maboksi ya povu.

Povu lenyewe ni lile gumu, jeupe, linalofungiwa televisheni mpya. Vibao viwili, kila kimoja na unene wa sentimita 6 hivi, hushikanishwa kwa vishikizo vya plastiki na kuachiwa nafasi ya sentimita 15 au 20 katikati. Mafundi huyapanga maboksi hayo kama matofali, hulaza nondo juu ya vishikizo, husimamisha nyingine wima, kisha pampu huja kujaza zege. Maboksi hayavuliwi kama mbao za kawaida. Hubaki ukutani daima, yakizuia joto.

Kazi ngumu iko kwenye kumimina. Zege bichi ni zito, nalo husukuma pande zote. Fundi akiwa na haraka na kujaza kona moja hadi juu, povu hupasuka na zege likamwagika chini. Ndiyo maana hujazwa kwa tabaka za mita 1 hivi, pampu ikizunguka nyumba nzima kabla ya kurudi ilipoanzia, huku vibreta, mashine ya kutikisa zege, ikifuata kutoa hewa. Hapo hatari hugeuka: fundi asiposhindilia vya kutosha, hasa chini ya madirisha na penye nondo nyingi, hubaki mapango. Nayo hayaonekani kwa sababu povu limeyafunika. Huu ndio udhaifu mkubwa wa mbinu hii.

Wengi husifu povu kwa kazi isiyo yake. Upepo hauzuiwi na povu. Unazuiwa na zege na nondo. Chuo Kikuu cha Texas Tech kilijaribu kuta kwa kurusha, kama upepo mkali unavyofanya, mbao ya inchi 2 kwa 4 yenye uzito wa kilo 6.8 kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa. Kuta za fremu za mbao zilitobolewa. Za zege ndani ya povu ziliizuia: ilichubua upande wa nje, ikaishia kwenye zege.

Hata hivyo ukuta imara hauokoi nyumba peke yake. Dirisha likivunjika, upepo huingia na kulisukuma paa kutoka ndani, wakati ule wa nje unalinyonya juu. Kwa hiyo nondo za wima lazima zitoke kwenye msingi hadi mkanda wa juu, na kenchi zifungwe kwenye mkanda huo kwa vyuma, si kwa misumari mitupu. Maji nayo yana dawa yake. Katika maeneo ya Marekani yanayopigwa na mawimbi, kanuni hutaka nyumba iinuliwe juu ya nguzo, na kuta za chini, kama zipo, ziwe nyepesi ili zing'oke bila kuvuta jengo.

Wasomaji wa Kenya wamezoea binamu wa teknolojia hii: paneli za kiwanda cha Shirika la Taifa la Nyumba kilichoko Mavoko. Huko povu hukaa katikati, na zege hupuliziwa nje juu ya wavu wa chuma. Mpangilio umegeuzwa, kwa hiyo hesabu za mhandisi wa mmoja hazifai kwa mwingine.

Anayejenga karibu na bahari na mfuko wake hautoshi, aanze na nondo zinazounganisha msingi, ukuta na paa. Hizo zinawezekana hata kwa tofali za kawaida, na povu si sharti.