Kungoja na Kusubiri katika Kitabu cha Cherry-Garrard

Kiswahili kina maneno mawili yadhaniwayo na wengi kuwa ni pacha: kungoja na kusubiri. Kungoja ni tendo la mwili. Mtu hukaa mahali mpaka jambo lije. Kusubiri ni tendo la moyo, kwani ndani yake mna subira, na subira ni sifa njema. Tofauti hii ndiyo mizani ifaayo kupimia kitabu cha Apsley Cherry-Garrard, The Worst Journey in the World, kilichotolewa Uingereza mwaka 1922.

Kitabu hicho chasimulia msafara wa Kapteni Scott wa Antaktika, 1910 hadi 1913. Jina lake latokana na safari ya majuma matano katika giza la mwaka 1911, ambayo watu watatu walikwenda Cape Crozier kutafuta mayai ya pengwini. Baridi ilipata kufika nyuzi 60 za sentigredi chini ya sifuri, na dhoruba ikawapokonya hema lao. Sura hiyo husifiwa sana, na sifa hiyo ni haki yake. Walakini moyo wa kitabu haumo humo. Umo katika kurasa chache tulivu zielezazo siku sita za kukaa bure.

Mwishoni mwa Februari 1912, Cherry-Garrard, kijana wa miaka 26 asiyeona mbali na asiye na ujuzi wa kupima njia, alitumwa kusini kwa magari ya kuteleza yavutwayo na mbwa. Mwenziwe alikuwa Dimitri Gerov, Mrusi mwongoza mbwa. Walifika katika kituo cha akiba kiitwacho One Ton usiku wa tarehe 3 Machi. Scott, aliyekuwa akirudi kutoka Ncha ya Kusini, hakuwapo. Katika siku sita zilizofuata, nne zilikuwa za dhoruba isiyoruhusu mwendo. Chakula cha mbwa hakikuwa kimewekwa pale. Kuendelea mbele kulidai mbwa wengine wauawe walishwe wenzao, na amri ilikuwa mbwa wasihatarishwe. Tarehe 10 Machi walirudi. Kabla ya mwezi kwisha, Scott, Wilson na Bowers walikuwa hemani mwao, maili 11 tu kutoka kituo hicho, na humo wakafa. Wilson na Bowers ndio waliokuwa wenzake wa Cape Crozier.

Dhoruba hizo mbili zastahili kulinganishwa. Katika ile ya kwanza hatari ilikuwa ya msimulizi mwenyewe, na kwa hiyo asimulia kwa uhuru, hata kwa ucheshi. Katika ile ya pili yeye alikuwa na hema, chakula na mwenzi; hatari ilikuwa ya watu wasioonekana. Hapo kalamu yabadilika. Yahesabu siku, yapima chakula, yataja amri, mithili ya mshitakiwa mbele ya kadhi. Masimulizi yageuka utetezi, na kwa kanuni za usimulizi hiyo ni kasoro. Ipo na ya pili: Dimitri alilala katika hema lile lile, lakini msomaji huambiwa habari za afya yake kuliko za fikira zake.

Hata hivyo kasoro ile ya kwanza ndiyo ithibitishayo unyofu wa kitabu. Hoja zake ni sawa, wala hazimtoshi mwenye kuzitoa. Akili imemwachilia, lakini moyo umekata rufani. Mwandishi mwenye hila angalizipunguza kurasa hizo, au angalizipamba. Huyu aliziacha kavu.

Wahenga walisema kwamba subira yavuta heri. Kitabu hiki hakiwakanushi, bali chauliza swali lililo kabla ya methali: mtu aliye hemani, upepo ukivuma, ajuaje kama asubiri au akawia? Tendo ni moja, na jina lake hujulikana baadaye, mara nyingine na watu wasiokuwako. Cherry-Garrard alijibu kwa kuandika yote aliyoyajua siku ile, na yote aliyoyajua baadaye, pasipo kuyachanganya. Hapana utetezi ulio mwaminifu kuliko huo, wala hukumu iliyo nzito zaidi.