Jina la Mtunzi Baada ya Kaburi: Yav, Tshibumba na Kiswahili cha Katanga

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kumtambua mtunzi aliyekwisha kufa kwa njia moja kuu, nayo ni kitabu. Muyaka bin Haji alifariki Mombasa mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua alipozikusanya kwa ajili ya W. E. Taylor, na William Hichens akazitoa Johannesburg mwaka 1940, miaka mia moja kamili baada ya kifo cha mshairi, zikiwa diwani yenye jina la Muyaka katika anwani yake. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote zilitoka mwaka 1968. Katika mifano hiyo kazi ipo na jina lipo. Kinachosubiriwa ni mhariri na mchapaji. Magharibi ya mbali ya eneo la Kiswahili, katika ukanda wa shaba wa Kongo, mambo hayakunyooka hivyo. Huko kuna kazi zilizopata jina la kubandikwa na kazi ambazo jina lake ni la watu wengi. Kuna pia mtunzi aliyesifiwa katika nchi za mbali kwa maneno ambayo wasifiaji wake hawakuyasoma katika lugha aliyoyasema.

Inafaa kuanzia Kisenge. Mji huu wa mgodi wa manganizi uko magharibi mwa Kolwezi, katika mkoa wa Lualaba, upande wa Dilolo na mpaka wa Angola. Kampuni ya Bécéka-Manganèse iliundwa mwaka 1950, na manganizi yake ilisafirishwa kwa reli ya Benguela hadi bandari ya Lobito, mpaka vita vya Angola vilipoifunga njia hiyo mwaka 1975. Nchi yenyewe ni ya Walunda na Wachokwe. Kiswahili kilifika huko kwa reli na kwa mgodi, kikiwa lugha ya kazi kabla ya kuwa lugha ya nyumbani, na ndiyo sababu hakikuja na diwani wala tenzi.

Lakini kuhusu jina la marehemu, nchi hiyo ilikuwa na jibu lake kabla ya kitabu chochote. Kwa Walunda, mwenye cheo akifa, mrithi hachukui kiti peke yake. Huchukua pia jina la marehemu, na undugu wake na wenye vyeo wengine. Aliyekuwa mjomba wa fulani miaka mia mbili iliyopita ni mjomba wake hata leo, ijapokuwa waliokalia viti hivyo wamebadilika mara nyingi. Mtawala mkuu wa Musumba, Mwant Yav, ndiye mfano unaojulikana zaidi. Ian Cunnison, aliyefanya utafiti Luapula kwa Kazembe, tawi la Walunda lililohamia mashariki, alionyesha kwamba mrithi akisimulia matendo ya mtangulizi wake husema “mimi”: mimi nilivuka mto, mimi nilipigana. Katika utaratibu huo marehemu hahitaji kutambuliwa baada ya kufa, kwa sababu hakuondoka. Kinachosahaulika ni nafsi iliyokuwa ndani ya jina. Jina linaishi kwa kuimeza.

Kinyume chake ni sanaa ya uchongaji ya sehemu hizo hizo. Sanamu za Wachokwe za Chibinda Ilunga, mwindaji wa masimulizi ya asili ya dola ya Walunda, ni miongoni mwa kazi zinazothaminiwa sana katika makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mojawapo iko Kimbell, Fort Worth. Kibao chake kinataja kabila na kumtaja shujaa aliyechongwa. Aliyeshika tezo hatajwi. Upande wa Waluba, kaskazini-mashariki mwa Katanga, Frans Olbrechts alitambua kuwa viti na sanamu kadhaa, zilizotawanyika katika makumbusho mbalimbali, zilitoka katika mkono mmoja au karakana moja, akampa mchongaji huyo jina la “Bingwa wa Buli”, kwa kuwa baadhi zilipatikana katika kijiji cha Buli. Baadaye watafiti walilirudisha jina la Ngongo ya Chintu. Inastahili kuangaliwa kwamba jina la kubuni halikufutika: katika minada na vitabu Buli bado inatangulia. Kijiji ambacho sanamu ziliokotwa kimekuwa mtunzi wa sanamu.

Kati ya namna hizo mbili, jina linalommeza mtu na kazi iliyompoteza mtu, ndipo zinapokaa kazi mbili za Kiswahili cha Katanga ambazo zinadai kusomwa na wahakiki wa Kiswahili, ambao mpaka sasa wameziachia zaidi wanaanthropolojia.

Ya kwanza ni hati iliyopigwa taipu mwaka 1965, yenye kichwa cha Kifaransa, Vocabulaire de ville de Elisabethville. Si kamusi. Ni historia ya mji ule tangu kuja kwa Wazungu, iliyoandikwa kwa Kiswahili kwa niaba ya watu waliofanya kazi za nyumbani kwa Wazungu, wale walioitwa maboi. Aliyeiandaa ni André Yav. Mwaka mmoja baadaye mji wenyewe ulibadilishwa jina ukawa Lubumbashi, hivyo kazi hii ilibeba katika anwani yake jina la mji ambao lilikuwa karibu kufa. Ilitolewa Amsterdam mwaka 1990 na Johannes Fabian, kwa msaada wa Kalundi Mango na pamoja na maelezo ya kiisimu ya Walter Schicho. Anwani ya toleo hilo inamtaja Yav waziwazi kuwa ndiye mtunzi.

Kwa jambo hilo Fabian anastahili sifa, na zaidi kwa jingine: alichapa maneno yenyewe. Tahajia ya hati ni ya mtu ambaye shule haikumfundisha kuandika lugha yake. Maneno yanaungana na kukatika mahali pasipotarajiwa, na msomaji anayeifuata kwa macho peke yake hupotea. Suluhisho lilikuwa kumpa Kalundi Mango aisome kwa sauti, na kunakili upya kutoka katika sauti hiyo. Toleo likaweka yote mawili. Ni uamuzi wa kihariri wenye busara kuliko ule wa wahariri wengi wa tungo za pwani, waliosanifisha lahaja ya mtunzi na kuiita kazi hiyo usahihishaji. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anayekutana na “batu” badala ya “watu”, na “mu” mahali pa “katika”, ataona makosa kwanza. Akiendelea kurasa tano ataona utaratibu.

Mashaka yanabaki kuhusu neno moja dogo la Kiingereza katika anwani hiyo, lile linalosema kuwa kazi ni “ya” André Yav. Hati inazungumza kwa sauti ya kundi. Inakusanya waliyoyaona wengi katika jiko, bustani na varanda za watu wengine, na mwandishi wake anasimama kama msemaji. Anthropolojia ya leo, kwa nia njema, ilimtafuta mtu binafsi ili imheshimu. Ilipompata, ikalifunika kundi lililomtuma. Mtu angeshawishika kusema hapa kwamba Yav ni jina la Kilunda, tena jina lililo katika cheo cha Musumba, na kwamba jina hilo limefanya tena kazi yake ya kale ya kubeba wengi. Ushawishi huo usipewe nafasi kubwa. Mwandishi ni mtu wa mji, kichwa cha kazi yake ni cha Kifaransa, na dunia anayoieleza ni ya mishahara na mabwana. Hata hivyo tofauti kati ya “mimi” ya mrithi wa Kilunda na “mimi” ya mtunzi wa kitabu inasaidia kueleza kwa nini nafsi ya msimulizi katika hati hii haitulii, na mhakiki anayeifahamu hataharakisha kuiita udhaifu wa fani.

Ya pili ni kazi ya Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa Elisabethville mwaka 1947. Kati ya mwaka 1973 na 1974, wakati Fabian alipokuwa akifundisha Lubumbashi, Tshibumba alimchorea historia nzima ya nchi, picha mia moja na moja, kuanzia enzi za mababu hadi utawala wa Mobutu, na akaisimulia kwa Kiswahili picha kwa picha mbele ya kinasa sauti. Alichora juu ya turubai za magunia ya unga. Hakujitambulisha kuwa mchoraji tu, alijiita mwanahistoria. Picha yake ya mgomo wa wafanyakazi wa Union Minière mwaka 1941, ambapo Léonard Mpoyi aliuawa katika uwanja wa mpira, na zile za mateso ya Lumumba, zimechapwa mara nyingi kiasi kwamba wengi wanazijua bila kujua nani alizichora.

Tshibumba alipotea mnamo mwaka 1981. Kitabu, Remembering the Present, kilitoka California mwaka 1996. Juu ya jalada mtunzi ni Johannes Fabian. Chini yake inaelezwa kuwa masimulizi na picha ni za Tshibumba. Mfululizo wenyewe ulikwenda katika makumbusho ya Tropen, Amsterdam, na mwaka 2017 ulionyeshwa katika maonyesho ya documenta 14. Utambuzi huo ni mkubwa, hakuna wa kuukataa. Swali ni umemtambua kama nani. Katika makumbusho Tshibumba ni mchoraji wa sanaa ya umma. Katika katalogi za maktaba, mwenye kutafuta kitabu hukikuta kwenye herufi F. Maneno yake katika kitabu yanasomwa kwa Kiingereza; Kiswahili chake kiliwekwa baadaye na Chuo Kikuu cha Amsterdam katika hifadhi yake ya intaneti ya Kiswahili cha umma. Kilichofanywa kwa Yav mwaka 1990 hakikufanywa kwa Tshibumba ndani ya kitabu cha 1996. Ukubwa wa kitabu na gharama ya kuchapa picha za rangi ni sababu zinazoeleweka, lakini matokeo ni kwamba mwanahistoria aliyesema amepokelewa kama mchoraji aliyeeleza picha.

Waswahili husema mcheza kwao hutuzwa. Wanunuzi wa Tshibumba huko kwao walikuwa wafanyakazi na makarani waliotundika picha sebuleni, na neno walilotumia kwa picha hizo ni ukumbusho. Lilikuwa na mafungu yake: vitu vya bankambo, yaani vya mababu; vitu vya zamani, hasa enzi ya Wabelgiji; na vitu vya sasa. Neno hilo lingepaswa kuwa msingi wa uhakiki wa kazi hizi, kwa sababu linaweka thamani mahali pengine kabisa. Ukumbusho haumkumbushi mtazamaji juu ya aliyechora. Unamkumbusha pingu, mjeledi, baba yake. Tshibumba alitia jina lake kwenye turubai, na huenda ndipo alipojitenga na soko lake mwenyewe: alitaka akumbukwe pamoja na alichokumbusha.

Jambo moja zaidi linahusu “sasa” ya kitabu hicho. Mfululizo ulifungwa mwaka 1974, ingawa picha zake za mwisho zinaangalia mbele, tena kwa giza. Mwezi Machi 1977 askari wa FNLC walivuka kutoka Angola, wakaiteka Kisenge na miji mingine ya njia ya reli hadi Mutshatsha. Mwaka uliofuata ikawa Kolwezi. Tshibumba alikuwa hai bado na aliendelea kuchora. Lakini msomaji aliyemtambua mwaka 1996 alipewa mtu aliyesimama mwaka 1974, na historia ambayo Kisenge haijaingia. Picha zake nyingine, zilizokusanywa na Bogumil Jewsiewicki na wengineo, hazina kando yake masimulizi marefu ya namna ile. Kwa hiyo Tshibumba wa baadaye ana picha bila sauti, na yule wa mwanzo ana sauti iliyotafsiriwa. Katika orodha za makumbusho mwaka wake wa kuzaliwa huandikwa bila shaka yoyote. Mwaka wa pili, ule wa 1981, kwa kawaida huja na neno la kukisia mbele yake.