Weupe Usiojipendekeza

Anayenunua laptopu kwa ajili ya kazi ya usanifu huulizia nguvu kwanza: kichakataji, RAM, kadi ya grafiki. Ana haki. Aliyewahi kufungua bango lenye tabaka tele katika Photoshop akiwa na RAM ya GB 8 anajua kusubiri ni nini. GB 32 na diski ya SSD humwachia mtu akili yake iendelee na kazi. Ila nguvu ni suala la mfuko. Ukishalipa, umemaliza. Kazi ninayotaka kuisifu hapa huanza baada ya malipo, nayo haina mteja anayeiona wala ankara inayoitaja: kukaa na kioo kipya, kukipima, na kukiondolea majivuno.

Maana kioo hutoka kiwandani kikitaka kupendwa. Dukani, mashine zikiwa zimepangwa safu chini ya taa za dari, ile yenye weupe wa ubaridi unaoelekea buluu na rangi zinazowaka ndiyo inayovuta wapita njia. Kwa kutazama sinema hiyo si dhambi. Kwa mtu ambaye kazi yake itaishia kwenye karatasi au kitambaa, kioo cha namna hiyo ni shahidi aliyekwisha kuhongwa. Na vipo visivyorekebishika kabisa. Ukiona kwenye maelezo ya mashine pameandikwa NTSC asilimia 45, ujue kioo hicho kinakomea kwenye theluthi mbili hivi za sRGB, ule uwanja wa rangi ambao HP na Microsoft waliupendekeza mwaka 1996 na ambao bado ndio wa kawaida kwenye intaneti. Hapo ufundi hausaidii. Kusawazisha huweka sawa rangi zilizopo, hakuzai zisizokuwapo. Kwa hiyo kabla ya RAM na vyote vingine, mimi ningetazama kioo.

Mbona tusiamini macho? Kwa sababu macho yana ukarimu uliopitiliza. Mketishe mtu mbele ya kioo chenye ubuluu, na baada ya muda mfupi ataapa kwamba kile ni cheupe kabisa. Ubongo umekwisha kumsahihishia bila kumwuliza. Hisani hiyo ndiyo inayotuwezesha kulitambua shati jeupe kuwa jeupe alfajiri, adhuhuri na chini ya taa ya koroboi, lakini kwa msanifu ni mtego. Muuza nyanya sokoni mizani yake hukaguliwa na Wakala wa Vipimo. Msanifu hakuna anayemgongea mlango. Anajikagua mwenyewe, kwa hiari, na hiari hiyo ndiyo heshima ya kazi.

Chombo cha kujikagulia ni kolorimita, kifaa kidogo cha kuenea kiganjani, chenye waya wa USB, kinachoning'inizwa juu ya kioo. Programu huonyesha chini yake viraka vya rangi kimoja baada ya kingine, vyeupe, vya kijivu, vyekundu, vya kijani, vya buluu, na kifaa kinahesabu kilichotoka kweli dhidi ya kilichoagizwa. Tofauti hizo ndizo zinazoandikwa katika profaili ya ICC, ambayo mfumo wa kompyuta na programu za usanifu huisoma ili zijue kioo hiki kina tabia gani. Programu ninayoipenda ni DisplayCAL ya Florian Höch, iliyojengwa juu ya ArgyllCMS ya Graeme Gill. Zote mbili ni za bure, na sijui kazi nyingine ya uhandisi inayodai shukrani kidogo namna hiyo.

Lakini kipimo chenyewe kimetoka wapi? Hapa ndipo ninapopenda kusimama. Mwishoni mwa miaka ya 1920 huko Uingereza, William David Wright na John Guild, kila mmoja kwa majaribio yake, waliwaketisha watu mbele ya mwanga na kuwataka wachanganye nyekundu, kijani na buluu mpaka mchanganyiko ulingane na rangi waliyoonyeshwa. Wright alikuwa na watazamaji 10, Guild 7. Kutoka kwa watu hao 17 yakapatikana majedwali ya mwaka 1931 ya CIE, tume ya kimataifa ya mwanga, na majedwali hayo ndiyo msingi ambao kolorimita za leo bado zinasimama juu yake. Hakuna aliyemwuliza muuza kanga wa Mtaa wa Uhuru, Dar es Salaam, ambaye ningethubutu kumshindanisha na yeyote kati yao. Hata hivyo, kipimo cha watu 17 kinachokubaliwa na dunia nzima kina faida kuliko jicho kali lisilokubaliana na mtu.

Kioo kiache kiwake nusu saa kwanza. Laptopu ina maoni yake mengi kuliko kompyuta ya mezani, na yote lazima yanyamazishwe: mwangaza unaojipandisha na kujishusha, hali ya usiku inayopaka kila kitu umanjano, na ule ubanaji matumizi wa kadi ya grafiki unaochezea mwangaza mara tu chaja inapochomolewa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kile ulichokuwa ukikitazama si kile tena, ingawa faili halijaguswa. Kisha weka shabaha: weupe wa D65, gama 2.2, mwangaza wa kandela 120 kwa mita ya mraba, au chini ya hapo ikiwa chumba kina kiza. Vuta pazia, kwa kuwa jua la mchana la Dar es Salaam halina mpinzani. Na fulana nyekundu ivuliwe. Wekundu wake huakisiwa kwenye kioo. (Wasanifu wanaovaa kijivu si wote wanaoringa.)

Kinachofuata ni kuvunjika moyo. Profaili ikishawekwa, kioo kinaonekana kimepauka, kina umanjano, kimezeeka ghafla. Mtu anatamani kurudisha kama kilivyokuwa. Ustahimilivu wa saa hiyo, nadhani, ndio unaomtenganisha fundi na mpenzi wa rangi. Ukivumilia, jicho linazoea, na kioo cha jirani ambacho hakijapimwa kinaanza kuonekana kimejipodoa. Ukaguzi wa mwisho hutoa tarakimu ya Delta E, yaani umbali kati ya rangi iliyoagizwa na iliyotoka: chini ya 1, ni nadra jicho kuona tofauti, wastani ukiwa chini ya 2, kazi ianze. Vioo huchakaa, kwa hiyo baada ya wiki kadhaa zoezi hurudiwa.

Faida yake huonekana kwenye mambo ambayo watu wana uchungu nayo. Chukua bango la mechi ya Simba na Yanga. Kijani kinachometameta kwenye kioo hakina wino wa kukibeba. Saiani na njano zikichanganywa hutoa kijani kilichotulia zaidi, na buluu kali huteleza ikawa zambarau. Nyekundu ikizidishiwa njano inaelekea rangi ya chungwa, na mtu wa Msimbazi, shabiki wa Simba, hatakuelewa. Mwenye kioo kilichosawazishwa huwasha onyesho la awali kwa profaili ya uchapaji, FOGRA39 kwa mfano, na huona hasara hiyo akiwa bado mezani kwake. Hapo anaweza kuchagua: abadilishe kijani, au amwandae mteja mapema.

Na bango likitoka mtamboni tofauti na alivyoona, hagombani na kivuli. Anajua pa kuuliza: wino, pleti, mwanga wa chumba cha uchapaji, karatasi. Mara nyingi atakuta ni karatasi.