Kikomo cha Miaka 13: Ulinzi wa Mtoto au Kinga ya Bepari?

Kampuni kadhaa kubwa za akili mnemba zimeandika katika masharti yao kwamba mtumiaji asiwe chini ya miaka 13. Wapo makada wanaoridhika na sharti hilo, wakidhani mtoto amekwisha kulindwa. Hapana budi tulichambue.

Kwanza, namba hiyo haikutoka kwetu. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayozitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Kampuni nyingi zikaona ni nafuu kumkataza mtoto kwa maandishi kuliko kumtafuta mzazi wake. Kwetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatamka kuwa mtoto ni aliye chini ya miaka 18.

Pili, sharti hilo linachukulia kwamba kila mtu ana simu yake. Tutazame hali halisi ya Iringo, Bunda au Butiama. Katika nyumba nyingi simu ni moja, ya mama muuza dagaa, na laini imesajiliwa kwa alama za vidole vyake. Jioni watoto hupokezana simu hiyo kufanya hesabu za shule. Mtoto akieleza humo kwamba nyumbani hakuna chakula, kampuni humhesabu kuwa mtu mzima, na maneno yake huenda yakatumika kuifundisha mashine. Siri ya nyumba imesafirishwa kama pamba ghafi: malighafi yetu, faida yao. Huo ni unyonyaji.

Wengine husema umri uthibitishwe kwa kitambulisho au picha ya uso. Hilo ni kumwongezea mnyonyaji malighafi.

Tatu, tujikosoe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti. Ni matawi mangapi yameisoma? Wangapi kati yetu husambaza picha za wanafunzi katika makundi ya simu bila kuwauliza wazazi? Nchini Kenya, mwaka 2023, shule moja ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni 4 kwa kosa la namna hiyo.

Kwa hiyo ulinzi usiishie mlangoni. Tudai kwamba maneno ya mtoto yasihifadhiwe wala yasifanywe mtaji, awe ameingia kwa jina lake au la mama yake. Na sheria hiyo isomwe na kuelezwa katika mikutano ya mashina, mbele ya wazazi.