Pongezi kwa Wapima Udongo

Mavuno yakiwa mazuri, sifa huenda kwa mbegu na mvua. Mimi nawapongeza mafundi wa maabara za udongo, kama wale wa vituo vya utafiti wa kilimo vya TARI Mlingano kule Muheza, Tanzania, na KALRO Kabete, Kenya, pamoja na mabwana na mabibi shamba wanaowapelekea sampuli.

Kazi huanza kwa miguu. Mabwana na mabibi shamba hupita shambani kwa mwendo wa kombokombo, wakichota udongo hadi kina cha sentimita 20 hivi katika sehemu 15 au zaidi, wakikwepa vichuguu, zizi la zamani na mahali palipochomwa majani. Huuchanganya, wakabakiza nusu kilo. Sampuli ikichotwa kizembe, hakuna maabara itakayoiokoa.

Na majibu yake ni mali. Mfuko wa mbolea ya DAP wa kilo 50 una naitrojeni kilo 9 na fosfeti kilo 23. Lakini kwenye udongo wenye tindikali kali, fosforasi nyingi hunaswa na chuma na alumini, mahindi yasiipate. Tena DAP ikirudiwa miaka mingi huzidisha tindikali hiyo. Mkulima wa Uasin Gishu, Kenya, anayeshauriwa aanze na chokaa ya kupunguza tindikali ameokolewa fedha nyingi.

Nawaheshimu zaidi wanaothubutu kusema, "Mwaka huu punguza mbolea," ilhali duka la pembejeo liko jirani. Ndio hao hao wanaosisitiza urea ifukiwe kwenye udongo wenye unyevu isipotelee hewani, wala isitiwe mvua kubwa ikinukia, ikasombwa hadi mtoni.