Ngoja Zipatane

Mzee alikuwa ameinamia kanuni yake kama fundi saa, ufunguo mkononi, sikio limekaribia kugusa ubao. Nilikuwa nimefika mapema mno kwenye klabu ya Culture pale Vuga, kwa woga wa mtu wa bara anayedhani atakosa kiti. Viti vyote vilikuwa vitupu. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuinua uso, kisha akasema, "Kaa tu, mwanangu. Bado hazijapatana."

Nikakaa. Nilikuwa nimetoka Manundu, mkoani Tanga, alfajiri ya jana yake, basi hadi Dar es Salaam, boti hadi Unguja, kwa ajili ya taarabu ya saa mbili. Sikujua kwamba kitu nitakachorudi nacho ni hiki kilichotangulia, ambacho hakimo kwenye tangazo lolote wala hakikatiwi tiketi.

Nyuzi za kanuni zinakaribia 80, na hukaa tatu tatu kwa kila sauti. Mzee aliugusa wa kwanza, akausikiliza hadi ulipokufa. Akaugusa wa pili. Akazungusha ufunguo kidogo sana, kiasi ambacho jicho halioni, akarudia. Wa tatu. Mara moja zile sauti tatu zikaacha kugombana zikawa moja, na ile moja ikawa nene kuliko zote tatu. Nilihisi kitu kikilegea mabegani mwangu. Yeye hakuonyesha furaha yoyote, akahamia kundi jingine. Upepo wa bahari ulikuwa ukiingia dirishani, naye akaukunjia uso kama mtu anayemwona mdeni wake, maana unyevu huo huo ungezilegeza nyuzi kabla ya wimbo wa pili. Alilijua hilo, na bado alizikaza.

Ilichukua karibu saa nzima. Alipomaliza alivaa pete zake kwenye vidole vya shahada, akachomeka vile vipande vya kudonolea, akapiga mchirizo mmoja kutoka juu hadi chini. Kama maji yanavyoteremka kwenye ngazi za mawe.

Tunaambiwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja toka 1870 hadi 1888, alileta wapigaji kutoka Misri kuburudisha kasri, kisha akampeleka Mohamed Ibrahim huko huko Misri akajifunze kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaanzisha kikundi cha Akhwan Safaa, ambacho hata leo kingali hai. Siti binti Saad wa Fumba, aliyewahi kuuza vyungu, akaitoa taarabu kasrini akaiingiza katika Kiswahili cha watu, na mwaka 1928 sauti yake ikanaswa kwenye santuri kule Bombay. Aliyeandika wasifu wake ni Shaaban Robert, mtu wa Vibambani, Tanga. Kwa hiyo sisi wa mkoa huu tusijione wageni sana katika jambo hili.

Wapo wanaosafiri hadi Vienna na Milano kuketi katika kumbi za opera. Siwaonei wivu, ila nimeona kwenye runinga jambo moja lao ninalolipenda: obo hutoa sauti moja, okestra nzima ikaifuata, na ukumbi wenye watu elfu na zaidi ukanyamaza kuisikiliza ikijiweka sawa. Pale Vuga tulikuwa wawili. Watalii waliingia wimbo wa kwanza ukiwa umeshaanza, wakapiga picha, wakaondoka kabla ya mwisho. Bashrafu, ile ala tupu inayofungua usiku, ilipita wakiwa bado wanauliza bei ya soda. Lakini niwaseme wao tu kwa nini? Wenyeji nao walikuja baada yao.

Tanga tulishaiacha kanuni zamani. Kuanzia miaka ya 1960 vikundi vya Black Star na Lucky Star vilitia magitaa ya umeme mahali pa udi na kanuni, na mwimbaji Shakila akaimba juu ya magitaa hayo, na nani atathubutu kuwalaumu? Marehemu baba alikuwa na redio ya mkulima, na usiku sauti ya Shakila ilipotoka alizima taa ya chemli, kana kwamba mwanga ungemzuia kusikia. Hata gitaa lina vigingi vyake. Hata gitaa linamtaka mtu akae nalo kwanza wapatane.

Wiki mbili baada ya kurudi niliitwa harusini, hapa hapa Manundu. Kijana wa kinanda alifika amechelewa, akachomeka waya, akabonyeza kitufe, na kanuni ikatoka. Timamu, safi, nyuzi zote zimepatana tangu kiwandani. Watu wakainuka na noti zao kwenda kutunza. Nami niliinuka, sitaki kujifanya. Lakini kinanda kile, kama kilivyopangwa, hakikuwa na zile sauti zinazoishi katikati ya sauti mbili, ambazo mzee wa Vuga alizifikia kwa kuinua vishikizo vidogo vya chuma kwa kidole cha kushoto huku wimbo ukiendelea. Kila alipofika mahali pake, kijana aliruka kama anayeruka mtaro. Hakuna aliyeshtuka. Nadhani baba angeshtuka.

Usiku ule Unguja, watu walipokuwa wakikusanya viti, mzee alinipa uzi mmoja uliokatika. Nailoni tu, hauna thamani. Niliukunja nikauweka ndani ya kitabu, na nyumbani nikauhamishia kwenye droo ya meza. Juzi nilifungua droo nikautafuta, sikuuona. Nikamwita mpwa wangu, nikamweleza ulivyo, mwembamba, mgumu, umekatika upande mmoja.

"Ah, ule mshipi, Mjomba?" akasema. "Mzuri sana ule. Upo mtoni, nimeufunga ndoana. Nimeshapata kambale wawili."