Pweza wa Kariakoo na Pumzi ya Mzamiaji

Jioni Kariakoo, kandokando ya Mtaa wa Msimbazi, watu huzunguka meza ya pweza, kikombe cha supu mkononi, Simba na Yanga mdomoni. Pweza wengine huokotwa na kina mama miambani, maji yakishakupwa. Wa kina kirefu, pasipokauka hata kwa bamvua, hufuatwa na mzamiaji asiye na mtungi wa hewa.

Ukimtazama fundi utadhani ni mvivu. Analala kifudifudi juu ya maji, miwani usoni, mikono imelegea. Kazi imeshaanza hapo. Uso ukiingia majini, moyo wenyewe hupunguza mapigo. Naye anausaidia kwa kutoa pumzi taratibu kuliko anavyoivuta. Kisha anavuta moja kubwa, anajikunja kiunoni na kuinua miguu juu, uzito wa miguu umsukume chini. Mgeni huanza kupiga teke miguu ikiwa bado hewani: povu tele, safari hakuna.

Kwenye mita 10 shinikizo ni maradufu ya lile la juu, na hewa ya mapafuni imebaki nusu ya ujazo wake. Anabana pua na kupuliza kidogo kidogo, mapema, kabla masikio hayajauma. Aliyekaza taya na shingo, masikio yake hayazibuki, basi anarudi.

Halafu kifua kinaanza kudai. Dai hilo huletwa na kaboni dayoksidi inayojikusanya. Oksijeni bado ipo. Anayelijua hilo hatapatapi, na msuli uliotulia hauli oksijeni ovyo. Vijana wengine hulikwepa dai la kifua kwa kuhema harakaharaka kabla ya kuzama. Kwangu huo ni ujinga uliovaa ujasiri: damu haiongezewi oksijeni ya maana, kengele tu ndiyo inayozimwa. Mtu huzimia akikaribia juu, shinikizo linaposhuka, kimya kimya, bila kupiga kelele wala kurusha mkono. Ndiyo maana huzama wawili kwa zamu, na aliye juu hamwondolei macho mwenzake hata baada ya kuibuka.

Chini, magamba ya kaa yaliyorundikwa mlangoni mwa shimo humtaja mwenye nyumba. Pweza akiling'ang'ania jabali, fundi havutani naye. Anamwacha, anapanda, anapumzika angalau mara mbili ya muda aliokaa chini, ndipo amrudie.